Chandarua Kwenye Mti wa Mutondo

Numbi Odile alikuwa na miti mitatu, na katika mji wa Kolwezi mtu mwenye miti mitatu iliyosimama ana maadui wengi kuliko mwenye gari. Mchoma makaa huitazama akaona magunia. Fundi wa nyumba huiona nguzo. Mchimbaji haioni kabisa, maana macho yake yamekwisha kupita chini ya mizizi. Ilikuwa miti ya mutondo, mabaki ya pori lililofunika nchi hii kabla mtu yeyote hajafikiri kuipima kwa tani, nayo ilisimama nyuma ya nyumba ya Odile, mwisho wa mtaa, upande wa njia ya kwenda Mutoshi.

Hakuzaliwa mahali hapo. Alianza maisha ya ndoa mtaa wa Kasulo, katika nyumba ya matofali ambayo siku moja, alipokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, sakafu yake iliitikia mchi kama ngoma. Jirani alikuwa amechimba shimo chumbani mwake, akafuata mshipa wa madini, na mshipa ukampeleka hadi chini ya jiko la Odile bila hodi. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na hakuna aliyemwomba radhi. Yeye na mumewe Kabemba walifungasha vyombo, wakamchukua binti yao Tina, wakahamia huku ambako ardhi ilikuwa bado ardhi.

Wakati huo Odile alikuwa mwalimu. Alihitimu chuo cha ualimu katika elimu ya viumbe, akafundisha sekondari mpaka mshahara ulipogeuka kuwa hadithi ya kusimuliana kwenye chumba cha walimu. Aliweka chaki chini, akaingia sokoni kuuza finkubala, viwavi waliokaushwa ambao watu wa Katanga huwala kwa bukari, ugali wao, kwa hamu ambayo nyama ya ng'ombe haijawahi kuipata. Wenzake waliobaki shuleni walimhurumia. Yeye hakujihurumia. Alisema kwamba ameendelea na somo lile lile, ila sasa wanafunzi wanalila.

Kabemba alikuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya madini, hadi kampuni ilipobadili jina na, katika kubadili, ikasahau watu wake. Alikuwa mtu mpole, mzito wa kusema, na neno lake likishatoka halirudi. Hilo ndilo lililomponza mkewe.

Mambo yalianza jirani mmoja alipochimba choo akatoa jiwe lenye michirizi ya kijani, dalili ya madini. Kabla jua halijazama, habari zilikuwa zimemfikia Stany, mdogo wake Kabemba. Stany alikuwa creuseur, kama wachimbaji wa mikono wanavyoitwa kwetu. Aliongoza kundi la vijana waliochimba mara katika mgodi wa Mutoshi, mara pembezoni mwa ule wa Mashamba, kutegemea siku hiyo wamefukuzwa wapi. Alikuwa mcheshi, mwenye mabega ya ng'ombe na mdomo usiofungwa. Alikuja na kuku mkononi kwa heshima ya kaka yake, akaketi, akaeleza kwamba mshipa ule bila shaka unapita chini ya miti mitatu ya shemeji yake. Ikatwe, shimo lifunguliwe hapo, na nyumba yote itainuka.

Odile alisema kwamba nyumba ya Kasulo nayo iliahidiwa kuinuka, ikashuka. Stany hakukasirika. Alicheka, akaelekeza kidole dirishani.

"Shemeki, hii miti yako inakulishaka nini? Kivuli? Kivuli haiingiaka mu sufuria."

"Ni miti ya finkubala," Odile akamjibu.

"Finkubala ya wapi? Tangu munahamia huku, mi sijaonaka hata moja. We unauzishaka ya Bukama, miti yako inaangalia tu."

Jambo hilo lilichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Misitu iliyoizunguka Kolwezi ilikuwa imekatwa kiasi kwamba nondo hawakuwa na njia ya kufika kwenye miti ile, na miti isiyofikiwa na nondo haiwezi kuzaa viwavi, hata majani yake yakiwa mazuri namna gani. Odile alikuwa akiuza chakula cha miti ya watu wengine.

Kabemba alifikiri muda mrefu, kisha akaamua. Miti ipewe msimu mmoja wa mvua. Kufika Krismasi, kama sufuria ya nyumba hii itakuwa na finkubala wa miti hii, Stany asilete tena habari ya shimo. Ikikosa, shoka liingie. Stany akakubali, na Odile, ambaye hasira ilikuwa imemfika shingoni, akakubali haraka kuliko busara yake ilivyotaka.

Kesho yake alifunga safari kwenda kwa mama yake upande wa Bukama. Huko watu bado wanalifunga pori. Mvua za kwanza zikishanyesha, ni mwiko mtu kugusa kiwavi mpaka wanawake wakubwa waende wakawatazame, wapime unene wao na kuutangazia ukoo kwamba sasa inaruhusiwa. Hata ikiruhusiwa, sehemu ya viwavi huachwa juu ya miti ili washuke wenyewe ardhini. Hao huitwa mbegu, na anayekula mbegu hutajwa kwa jina mbele ya watu, aibu ambayo haifutiki kwa faini. Odile alieleza shida yake, akaruhusiwa kukata matawi machache yenye mayai ya nondo, mayai madogo meupe yaliyobanana kama shanga. Akayafunga kwa kitambaa kibichi, akayapakata njia nzima kama mtoto mgonjwa, akayafunga kwenye miti yake mitatu siku ile ile aliyorudi.

Mayai yakaanguliwa. Vikatoka vidudu vyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta, vikajipanga chini ya majani, bega kwa bega.

Wa kwanza kuitwa kuvitazama alikuwa Mbelu, jirani na rafiki yake, mwanamke wa asili ya Kasai ambaye babu yake aliletwa kufanya kazi mgodini na ambaye mwenyewe alikaanga mikate ya mafuta na kuiuza barabarani. Mbelu aliinama, akakunja uso.

"Mama Tina, hii bilulu yako iko kama masizi ya sufuria. Mutu atakula muti muzima njo ashibe."

Odile alimwambia avute subira. Wakiwa hapo, nyigu mmoja akaja, akaelea juu ya jani akichagua, na mara vidudu vyote kwa pamoja vikatikisa vichwa, kwa mshtuko mmoja, kana kwamba jani lenyewe limekohoa. Nyigu akarudi nyuma. Akajaribu tena, vikatikisa tena, akaenda zake. Mbelu aliinuka taratibu. Sasa alitaka kujua. Akauliza kiumbe kisicho na ngumi, kisicho na meno ya kuuma wala miguu ya kukimbia, kinaishije katika dunia hii yenye midomo mingi.

Swali hilo lilimwamsha mwalimu aliyekuwa amelala ndani ya mwuza finkubala. Alisimulia juu ya kiwavi anayejijengea nyumba ya vijiti na kutembea nayo, akisikia hatari anavuta mlango. Alisimulia juu ya wale wenye manyoya ambayo kila unywele wake ni mshale, ndiyo maana mama zetu huwapitisha kwanza kwenye majivu ya moto kabla ya kuwagusa. Akamweleza juu ya nondo ambaye masikio yake humsikia popo kabla popo hajamfikia, akakunja mabawa na kujiachia majanini kama jiwe. Alipofika kwa kiwavi anayejifanya kinyesi cha ndege, akilala juu ya jani amejikunja, mweupe huku na mweusi kule, asubuhi nzima bila kusogea, Mbelu alicheka hadi akashika mti.

"Na ndege yenyewe inamuona, inasema, aa, hii ni yangu ya jana."

"Njo hivyo."

Mbelu akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema, bila kucheka, "Kumbe bote banajua kujitetea. Ni shiye batu tu njo hatujue."

Juma lililofuata ndege waligundua miti. Walianza shorewanda wawili, wakaenda kuwaita wenzao. Nyigu nao hawakuwa wote waoga kama yule wa kwanza; walikuja kwa zamu, na Odile aliwaona wakiondoka wamebeba vidudu vyake miguuni. Alianza kukaa chini ya miti na fimbo. Sokoni meza yake ikakaa wazi. Alipiga kelele, akarusha mawe madogo, akafunga kopo la maziwa lenye vijiwe kwenye kamba. Stany alipita siku moja, akasimama kando akamtazama akikimbia kutoka mti hadi mti, akauliza kwa upole wa uongo kama ndege wamekwisha kuomba pilipili au wanakula hivyo hivyo.

Kejeli ile ilimkosesha usingizi. Asubuhi alikuwa na wazo, na lilionekana zuri. Wahudumu wa afya walikuwa wamepita mtaani wakigawa vyandarua, na viwili vilikuwa bado kabatini, ndani ya mifuko yake, havijafunguliwa. Katika mtaa ule chandarua kilikuwa na kazi kuliko mbu walivyojua. Kulikuwa na vyandarua vilivyozungushiwa mboga, na kimoja kilichovua samaki bwawani. Kulikuwa na kimoja kilichofanywa shela ya bibi harusi, na bibi harusi akapendeza. Odile hakuona ajabu. Yeye na Mbelu walipandisha vyandarua kwa upondo, wakafunika miti miwili hadi chini, wakafunga kingo kwa kamba. Mti wa tatu ukabaki wazi kwa kuwa hakukuwa na cha kuufunikia.

Siku hiyo alirudi sokoni na moyo mweupe. Ndege walikuja wakatua juu ya wavu, wakachungulia, wakashindwa. Alipowasimulia wenzake sokoni, walimsifu.

Siku ya pili, alfajiri ilipopambazuka, aliwakuta chini. Walikuwa wametapakaa juu ya udongo chini ya miti miwili iliyofunikwa, weusi juu ya wekundu, wengine wamekauka, wengine wakitetemeka kama waliopigwa na baridi. Waliobaki juu walikuwa wakining'inia kwa miguu ya nyuma, vichwa vimelegea. Odile aliokota mmoja akamweka kiganjani. Kisha akasimama, akaingia ndani, akautoa mfuko wa chandarua kwenye takataka, akausoma. Ulikuwa umeandikwa waziwazi, kwa herufi kubwa, kwamba wavu umelowekwa dawa ya kuua wadudu.

Alikuwa amefundisha somo la wadudu miaka mingi. Alikuwa ameandika ubaoni, kwa mkono wake, kwamba miguu ni sita, kwamba nondo na mbu ni ukoo mmoja mpana, kwamba sumu haina macho. Ila katika nchi hii tumezoea mno kupewa ulinzi ndani ya mfuko uliofungwa. Ukuta hujengwa kati yetu na mto wetu, tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Mtaa huhamishwa, tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Hatuulizi tena wamelowekea nini. Odile naye hakuuliza, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi ya hasara yenyewe: kwamba alikuwa na elimu ya kuuliza.

Mbelu alikuja na sinia ya mikate kichwani, akaona, akaishusha. Akaketi chini kwenye udongo karibu na rafiki yake. Walikaa hivyo mpaka jua likapanda.

"Tulifunika batoto na sumu, Mama Tina," alisema mwishowe.

Odile alilisikia lile "tulifunika," na ndipo alipolia. Mbelu angeweza kusema "ulifunika."

Wakavishusha vyandarua. Jioni Kabemba alisikiliza habari yote, akatikisa kichwa, akasema kwamba anasikitika. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayebeba mzigo usio wake, kwamba neno alilompa mdogo wake liko pale pale.

Ulibaki mti wa tatu. Odile alikwenda kuutazama kwa hofu, maana ulikuwa umeachwa mikononi mwa ndege tangu vyandarua vilipofungwa. Akakuta viwavi wapo. Walikuwa wamepungua, ndiyo, lakini walikuwa wamejivua ngozi na kuvaa nyingine: weusi wa kung'aa, wenye vidoa vyeupe na vyekundu, na safu za miiba mifupi mgongoni. Mtu angesema wamejifanyia sherehe. Hakuna hata mmoja aliyejificha. Walitambaa peupe juu ya matawi, wakila mchana, wakivaa rangi ambayo katika pori lote maana yake ni moja: nijaribu ujute.

Fimbo aliiacha ukutani. Alileta kigoda, akaketi, akaamua kwamba safari hii hataingilia chochote. Haikuwa kazi rahisi. Shorewanda mmoja alimnyakua kiwavi, na Odile akaishikilia sketi yake kwa mikono miwili ili asiinuke. Ndege akampiga kiwavi kwenye tawi, mara ya kwanza, mara ya pili. Kiwavi akatapika maji ya kijani. Ndege akamwachia, akaupangusa mdomo wake kwenye gamba la mti, upande huu na upande ule, kama mtu aliyelamba shubiri, akaruka bila kutazama nyuma. Hakurudi siku ile. Alikuja ndege mwingine, mweusi, wa mkia mrefu, ambaye miiba haikumbabaisha hata kidogo. Huyo alikula akashiba. Odile alimhesabia haki yake akamwacha. Miiba ile haikuumbwa iwaokoe wote. Ilikuwa inatosha wabaki wa kutosha, na kila siku alipokaa pale aliona kwamba walikuwa wakibaki.

Krismasi ikakaribia. Viwavi wakawa wanene kama kidole cha mwanamume, wakati mzuri kabisa wa kuwachuma, na hapo ndipo shida ya kweli ilipojitokeza. Wote pamoja wangejaza sahani moja. Akiwachuma na kuwapika, ameshinda: Kabemba ataonja, Stany atanyamaza, miti itasimama. Lakini itasimama mitupu kama zamani, kwa sababu hakuna hata mmoja atakayeshuka ardhini kugeuka nondo. Asipowachuma, mbegu itabaki, na shoka litaingia na kuikata miti ambayo mbegu hiyo ingerudi kuitafuta.

Mbelu alikuwa na ushauri, akautoa huku akigeuza mikate kwenye mafuta. Odile anauza finkubala, sivyo? Basi achote wa Bukama, awaloweke, awapike. "Finkubala haiko na kitambulisho. Nani atamuuliza ulizaliwa wapi?"

Odile alicheka, na kwa nusu siku alilitafakari jambo hilo kwa makini kuliko alivyopenda kukiri. Lakini kila alipojiona akimpakulia Stany sahani ya uongo, aliona pia mwaka unaofuata, na sahani nyingine, na uongo mwingine wa kuulinda ule wa kwanza. Tena mama yake angejua. Hakujua angejuaje, alijua tu kwamba angejua.

Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu, baada ya ibada, Stany alikuja. Safari hii hakuleta kuku. Alikuja na mtaimbo wake wa chuma begani, apime udongo kabla ya kuamua shimo lianzie wapi. Alimkuta shemeji yake ameketi kwenye kigoda chini ya mti wa tatu, bado na nguo zake za kanisani.

"Simama hapo hapo," Odile akamwambia. "Angalia kwanza mahali unaweka muguu."

Stany akaangalia. Viwavi walikuwa wakishuka. Walishuka mmoja mmoja kwenye shina, vichwa chini, bila haraka, wakifika mizizini wakatawanyika juu ya udongo kama watu waliotoka kazini kila mtu na njia yake. Mmoja alipita kando ya kiatu cha Stany, akasimama, akauinamisha uso, akagusa udongo hapa, akagusa pale. Alisogea kidogo. Akagusa tena.

"Anatafuta nini?"

"Anatafuta mahali pa kuchimba."

Stany akaushusha mtaimbo begani. Akachuchumaa, kisha akapiga magoti, suruali yake ya Jumapili kwenye vumbi. Kiwavi alikuwa amechagua. Aliingiza kichwa, akauzungusha mwili, na udongo ukaanza kupanda pembeni mwake, chembe kwa chembe. Stany alitazama kama anavyotazama mtu ufundi wake mwenyewe mikononi mwa mgeni. Akauliza kina chake, Odile akamwonyesha kwa kiganja. Akauliza hewa, akaambiwa kwamba mwenye kulala huhitaji kidogo. Akauliza nini kinazuia kuta zisianguke, maana hakuona mti wa kuegemeza wala kamba, na Odile akamweleza kwamba kiwavi huzunguka ndani akiukandamiza udongo kwa mwili wake, akiupaka majimaji yake mwenyewe, mpaka chumba kinakuwa kigumu kama chungu. Humo atavua ngozi kwa mara ya mwisho, abaki ganda la kahawia, kimya, kiangazi kizima. Ndiyo kinga yake kubwa kuliko miiba: kutokuwapo.

Mkia wa kiwavi ukapotea. Udongo ukajifunga juu yake, na mtu asiyejua asingesema kuna aliyepita.

Kundi lake lilikuwa limezika wenzao wawili mwaka ule, na siku walipofukiwa yeye alitolewa kwa kuvutwa mikono. Jambo hilo lilijulikana na wote na halikutajwa na yeyote.

"Huyu anachimba mara moja tu mu maisha yake," alisema. "Na iko anajua siku ya kutoka. Mi ninashukaka kila siku, na sijuake."

Kabemba alikuwa ametoka mlangoni, amesimama nyuma yao. Odile aliinuka. Alimwambia mumewe ukweli wote bila kuupamba: kwamba sufuria ya Krismasi itakuwa tupu, kwamba angeweza kuijaza na hakutaka, kwamba aliowaona wakishuka ndio mbegu, na mtu halili mbegu. Alisema kwamba anajua neno lilitolewa, naye alilikubali mwenyewe. Kabemba alimtazama, akayatazama matawi. Ilikuwa dhahiri kwamba angetoa kitu chochote apate njia, na njia hakuiona, kwa kuwa alikuwa mtu wa neno moja.

"Yaya," Stany akamwambia kaka yake, bado amepiga magoti. "Ile neno ulinipatia mi, si ndiyo? Basi mi minakurudishia. Mpaka mvua ya mwaka kesho."

Kabemba akavuta pumzi ndefu. Akasema kwamba neno lililorudishwa na mwenyewe limerudi. Stany aliinuka, akakung'uta magoti, akauchukua mtaimbo na kuchora kwa ncha yake mstari mpana kuzunguka mti, mahali ambapo mguu wa mtu usipite. Alipomaliza, ulimi wake ulikuwa umemrudia. Alimwambia Odile asidhani amepona. Mwaka kesho atakuja na sahani yake kabisa, na kijiko.

Hakuacha kuchimba. Mtu haachi kazi pekee aliyo nayo kwa sababu ya kiwavi, na anayemlaumu ampe kwanza kazi nyingine. Alikwenda Mutoshi na kundi lake. Ila tangu siku hiyo, vijana wake walisimulia, alikuwa mkali kuhusu miti ya kuegemeza kuta, na shimo lisiloegemezwa hakushuka wala hakumshusha mtu.

Kiangazi kikawa kirefu. Odile alizungushia mti matawi ya miiba ili kuku wasipekue, akaacha kufagia uwanja wa nyuma. Wanawake wa mtaa, ambao hufagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo ung'ae, walilitazama lile zulia la majani makavu wakanong'ona kwamba mwalimu ameanza uvivu. Mbelu aliwajibu wote kwa niaba yake, kwa sauti, barabarani, na kwa majina.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Asubuhi iliyofuata Mbelu alikuja akikimbia kumtafuta kuku wake aliyeruka uzio, na wote wawili wakamkuta chini ya mutondo, shingo mbele, akimnyemelea nondo mkubwa wa rangi ya majani makavu aliyetulia kwenye shina akikausha mabawa. Mbelu alitaka kumfukuza. Odile akamshika mkono. Kuku akainua mdomo, na nondo akafungua mabawa yote kwa kishindo. Kwenye mabawa ya nyuma yakatokea macho mawili makubwa, ya duara, meusi katikati, yenye pete ya rangi ya moto, yakimkodolea kuku kutoka mahali ambapo punde tu palikuwa na gamba la mti. Kuku alitoa ukelele ambao haukumpa sifa yoyote, akarudi kwao kwa njia ya hewani.

"Hata mi ningekimbia," Mbelu akasema.

Kufikia mwisho wa mwezi, shanga nyeupe zilikuwa zimebanana chini ya majani ya miti yote mitatu, bila mtu kuzifunga kwa kitambaa. Odile alikata tawi moja akampelekea Mbelu, ambaye uwanjani kwake kulikuwa na kisiki cha mutondo kilichokatwa zamani na ambacho, kwa kuwa hakuna aliyekichoma moto, kilikuwa kimetoa machipukizi marefu kama mtu. Walilifunga hapo pamoja. Mbelu akauliza sasa afanye nini ili wasidhurike. Odile alimjibu kwamba alete kigoda.

Krismasi hiyo Stany alikuja na sahani yake na kijiko, kama alivyoahidi. Finkubala walipikwa na nyanya na pilipili, na Kabemba alikula kimya akaongeza, jambo ambalo kwake ni hotuba. Stany alilalamika kwamba chumvi imezidi, akala mpaka sufuria ikabaki na mchuzi. Juu ya miti walikuwa wamebaki wengi. Odile alikuwa amechuma kwa mpango wa mama yake.

Stany alipotoka alipita uwanjani kwa Mbelu. Kwenye machipukizi ya kisiki aliona viwavi, weusi, wanene, wenye vidoa, wachache wa kuhesabika, wakila peupe bila woga. Mkono wake ukanyooka.

"We Stany. Usiguse," Mbelu alisema kutoka kwenye kigoda chake, bila kuinuka. "Ya kwangu bado haijashuka."

Na Stany, mwenye mabega ya ng'ombe, akaurudisha mkono mfukoni.